Nimeachiwa kuandaa jioni ya watu wasio na wenza. Nifanye nini wasiishie kwenye simu zao?

Dada Mkubwa

Habari zenu wakuu,

Nimetwishwa mzigo. Kikundi chetu kimeamua kufanya jioni moja kwa ajili ya wenzetu wasio na wenza. Wapo ambao hawajawahi kuoa wala kuolewa, wapo walioachana, na wajane wawili watatu. Umri ni kuanzia thelathini hadi hamsini na kitu. Ukumbi upo, unabeba watu arobaini bila kubanana. Kazi ya kupanga kitakachofanyika humo ndani nimeachiwa mimi, eti kwa sababu mimi ndiye mwenye mdomo.

Shughuli za aina hii nimeshahudhuria, na sura yake ni ile ile. Wanawake upande huu, wanaume upande ule, waliokuja pamoja wamegandana, na aliyekuja peke yake anasoma ujumbe alioshausoma asubuhi. Baadaye mshereheshaji anashika kipaza sauti na kuanza kuwaita watu mbele wajieleze: umri, kazi, unatafuta mtu wa namna gani. Hapo ndipo wenye aibu wanapokumbuka kwamba wana safari alfajiri. Inakuwa kama mnada.

Sitaki mnada. Nataka watu wakae, wazungumze, na aliyevutiwa na mtu apate njia ya kulisema hilo bila kuumbuka. Mliowahi kuandaa, nianzie wapi?

Sina Haraka

Dada unajisumbua bure. Weka muziki mzuri, punguza taa, watu wazima hawafundishwi kutongozana. Halafu siku hizi watu wanakutana mtandaoni. Kuna utafiti wa Rosenfeld na wenzake, ulitoka 2019, unaonyesha kwamba kule Marekani karibu asilimia 39 ya wapenzi wa jinsia tofauti waliokutana mwaka 2017 walikutana kwa intaneti. Ukumbi wa nini?

Mpangaviti

Dada Mkubwa, kama kweli wewe ni mkubwa pokea shikamoo yangu.

Jioni za namna hii nimeziandaa kwa miaka kadhaa, na kazi yangu kubwa humo ni viti. Sitanii. Nitafika huko, lakini kwanza nimjibu Sina Haraka, kwa sababu ushauri wake ndio unaozika shughuli nyingi.

Muziki. Watu wakiwa kwenye kelele hupandisha sauti bila kujijua. Daktari mmoja Mfaransa, Étienne Lombard, alilieleza jambo hili tangu 1911. Sasa meza ya kwanza inapandisha sauti kuushinda muziki, ya pili inapandisha kuishinda ya kwanza, na baada ya nusu saa mwenye sauti ndogo ameshaamua kunyamaza na kutabasamu tu. Umempoteza, na huenda ndiye aliyekuwa na maneno. Muziki uwapokee wageni, kisha uuteremshe mpaka usikike pale tu watu wanapotulia. Na taa ziwake! Mtu anataka kuuona uso wa anayezungumza naye.

Hilo la watu wazima kujichanganya wenyewe nalo limeshapimwa. Paul Ingram na Michael Morris wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha utafiti wao 2007. Waliwavalisha watu wa biashara vitambulisho vya kielektroniki kwenye tafrija, vikarekodi nani amekutana na nani na kwa muda gani. Kabla ya kuingia, wageni walisema shabaha yao ni kufahamiana na watu wapya. Humo ndani wakaegemea kwa wale wale waliokuwa wakifahamiana nao zamani. Na hao ni watu ambao kuzungumza na wageni ndiyo kazi yao, hakuna aliyekwenda pale akihofia kukataliwa. Sembuse hawa wetu.

Kwa hiyo dada, mwenyeji ndiye atakayefanya kazi, na kazi yenyewe inaanza mlangoni. Mtu mgumu kuliko wote ni yule wa kwanza kufika. Anakuta ukumbi mtupu, anatamani kurudi. Mimi humpa shughuli kabla hajavua koti: "Umefika wakati mzuri, nisaidie kubandika namba kwenye hizi meza." Anayefuata namkabidhi kwa huyo wa kwanza: "Msaidie mwenzako." Wakifika watano tayari kuna wenyeji watano, na wa sita anapokelewa na watu wenye kazi mkononi. Yule anayesimama karibu na mlango na simu yake, kila ukumbi anaye, usimpigie kelele wala kumvuta mkono. Mpe karatasi za majina agawe. Atalazimika kumwuliza kila anayeingia jina lake, na hajui kama umemfanyia kusudi.

Karatasi ya jina kifuani iwe na jina moja tu, lile ambalo mtu anapenda kuitwa, kwa herufi kubwa za kalamu nene, na namba chini yake. Jina la ukoo la nini? Wala kazi ya mtu isiandikwe. Namba nitaieleza.

Sasa viti. Ondoa meza ndefu zote. Kwenye meza ndefu mtu anazungumza na wa kulia, wa kushoto na anayemkabili, basi, na wa pembeni kabisa anabaki na nusu. Weka meza za watu wanne. Robin Dunbar na wenzake kule Uingereza waliwachunguza watu wakizungumza kwa hiari yao, wakachapisha 1995, na waliona kwamba mazungumzo ya pamoja hufikia ukomo kwenye watu wanne hivi. Akija wa tano, kundi huanza kugawanyika. Ukikaa ukaangalia ukumbi wowote utaliona hilo kwa macho. Wanne pia wana faida nyingine: wawili wakikosa la kusema, wapo wawili wa kuwaokoa. Viti viwekwe kwa pembe, watu wasitazamane uso kwa uso kama kwenye usaili.

Halafu wape kitu cha kufanya kwa mikono. Mimi hutumia mafumbo ya picha, yale ya vipande vya kadibodi vya kuunganisha, vipande mia hivi, na boksi lenye picha ya mfano naliondoa. Bila picha ni lazima waulizane: hili ni anga au maji? Mtu anayetafuta kipande cha kona hana nafasi ya kufikiria mikono yake aiweke wapi, na anaweza kumsikiliza mwenzake bila kumkodolea macho. Kabla wageni hawajafika, kila fumbo nalinyofoa vipande viwili vitatu na kuvitia kwenye la meza nyingine. Baada ya dakika ishirini mtu anainuka: "Jamani, nani ana kipande chenye mguu wa farasi?" Tayari ametembea ukumbi mzima, amezungumza na kila meza, na ana sababu halali. Wapo ambao wasingeinuka usiku kucha kama si mguu wa farasi.

Kitu kingine kidogo ambacho watu hukidharau ni kalamu. Ukiwa na karatasi ya maswali ya chemshabongo, kila meza ipe kalamu moja. Ukiweka nne, kila mtu anajiinamia na kujiandikia.

Kila baada ya nusu saa hivi, wawili wanahama na wawili wanabaki. Usiwahamishe wote. Wanaobaki wanawapokea wageni na kuwaeleza fumbo limefika wapi, kwa hiyo meza haianzi upya na kimya.

Maswali 36 ya mwanasaikolojia Arthur Aron, yale ya kuwafanya watu wasiofahamiana wakaribiane, utaletewa na mtu, kila mara yupo wa kuyaleta. Ni kazi nzuri, ilitoka 1997, lakini yalitengenezwa kwa watu wawili walioketi peke yao kwa dakika kama 45, na yanazidi kuwa mazito kadiri mnavyoendelea. Kumwuliza mjane, mbele ya watu watatu asiowajua, ni kifo cha nani katika familia kitakachomuumiza zaidi, hapana.

Mwisho wa jioni, na hapa ndipo penye jibu la swali lako, kila mtu anapewa karatasi ndogo na kuandika namba za wale ambao angependa kuzungumza nao tena. Usiandike "unayempenda" wala "unayemtaka". Kuzungumza tena ni jambo dogo, mtu anaweza kuandika namba nne bila kutetemeka. Karatasi zinakuja kwako tu. Waliotajana wote wawili ndio wanaounganishwa. Kesho yake, kwa wakati mmoja, kila mtu anapata ujumbe wa shukrani wenye maneno yale yale, na waliopatana wao wanaongezewa jina na mawasiliano. Asiyepata mtu hapati sentensi ya kumwambia kwamba hakupata. Na tafadhali, usitangaze kwenye kundi kwamba wamepatikana jozi ngapi. Kwa aliyekosa, hiyo ni habari mbaya yenye tarakimu.

Kwa nini karatasi na si kuwaacha waambiane? Kuna utafiti wa Erica Boothby na wenzake, 2018: watu wakishazungumza kwa mara ya kwanza, kwa kawaida kila mmoja anadhani mwenzake amempenda kidogo kuliko ilivyo kweli. Ukiwaacha, wote wawili wanakwenda nyumbani wakijiona hawakupendeza.

Kimya Kingi

Mpangaviti, ya viti nimeyapenda. Mimi naongea kama mhudhuriaji, na mwanamke, kwa hiyo naongeza ya upande wetu.

Kuna waandaaji fulani, miezi kadhaa iliyopita, walichukua namba za simu za wote tuliojiandikisha wakatufungulia kundi moja bila kutuuliza. Kabla sijafika nyumbani nilikuwa na ujumbe wa watu ambao hata nyuso zao sikuzikumbuka, mmoja akitaka kujua kwa nini nimeondoka mapema. Sikurudi tena. Dada, namba zikae kwako, zisitoke bila ruhusa ya mwenyewe.

La pili, awepo mtu mmoja, mwanamke ikiwezekana, ambaye wote wameonyeshwa tangu mwanzo kwamba ukisumbuliwa nenda kwake. Mtu huyo asipewe kazi nyingine. Ukimfanya agawe vinywaji, nani atamfuata? Na muda wa kuondoka abaki mlangoni mpaka wa mwisho atoke, kwa sababu usumbufu mwingi hautokei ndani, unatokea kwenye maegesho.

La tatu, waume za watu. Wanakuja, na wanakuja wamependeza. Kila anayejiandikisha atajwe na mtu mmoja anayemfahamu na anayeweza kusema huyu hana mke, huyu hana mume. Haizuii wote, inapunguza.

Picha msipige. Aliyeachana mwezi uliopita hataki kuonekana na watoto wake akicheka mezani na wageni.

Saa ya Mchanga

Naona hakuna aliyetaja njia ya kukaa wawili wawili kwa dakika chache, kengele inalia, mnahama. Ilianzishwa na rabi mmoja, Yaacov Deyo, kule Los Angeles mwaka 1998, akiwasaidia vijana wa Kiyahudi wasio na wenza wafahamiane, na imeenea dunia nzima kwa sababu ina jambo moja ambalo mafumbo ya Mpangaviti hayana: kila mtu anakutana na kila mtu. Kwenye meza za wanne, bahati ikikukataa unamaliza jioni hujafika kwa yule uliyemwona tangu mlangoni. Nimeandaa hizi za kengele mara nyingi na watu wanaondoka wameridhika. Wanajua wamekuja kwa nini, hawajifichi nyuma ya mguu wa farasi.

Mpangaviti

Saa ya Mchanga, hilo la kukutana na wote ni kweli, sina la kulipinga. Kwa watu walioamua na wenye maneno, njia yako inafanya kazi.

Tatizo langu ni nani anaketi na nani anahama. Desturi ni wanawake waketi, wanaume wazunguke. Eli Finkel na Paul Eastwick walilipima hili, wakachapisha 2009, kwa wanafunzi 350 wa chuo. Wanaume walipohama, wanawake ndio walioonekana wagumu kuchagua, kama tunavyosikia siku zote. Walipowahamisha wanawake na kuwaketisha wanaume, tofauti ile ikatoweka. Yule anayesogea kumfuata mwenzake anajiamini zaidi na anavutiwa zaidi. Nusu ya kwanza wahame hawa, nusu ya pili wahame wale. Ni kazi ya kengele moja tu na waandaaji wengi hawaifanyi.

Lakini kwa kundi la Dada Mkubwa, lenye wajane na watu waliotoka kwenye ndoa, nisingeanza na kengele. Mtu ambaye hajazungumza na mgeni kwa namna hiyo kwa miaka kumi na mitano, ukimketisha mbele ya mtu mpya kila baada ya dakika nne, akifika wa saba anarudia maneno kama karani. Anza na meza. Kengele iwe jioni ya tatu, kwa wanaoitaka.

Ndiyo, nimesema ya tatu. Dada, usifanye jioni moja. Hili ndilo ningekuomba uchukue hata ukiacha mengine yote. Robert Zajonc alionyesha 1968 kwamba tunaanza kukipenda kitu kwa kukiona mara kwa mara tu. Halafu 1992 Richard Moreland na Scott Beach wakafanya jambo ambalo nalipenda sana: waliwaingiza wanawake wanne kwenye darasa la chuo kikuu kama wanafunzi wa kawaida. Mmoja hakuhudhuria kabisa, mwingine alihudhuria vipindi 5, mwingine 10, mwingine 15. Hawakuzungumza na mtu. Mwisho wa muhula wanafunzi wakaonyeshwa picha zao, na aliyehudhuria zaidi ndiye aliyeonekana kuvutia zaidi. Alikaa kitini tu!

Jioni moja kubwa inawafaa wale wanaong'aa dakika ya kwanza. Hao wengi wao hawahitaji msaada wako. Yule mtaratibu, ambaye uzuri wake unaonekana siku ya tatu anapokumbuka kwamba mama yako alikuwa mgonjwa, unamnyima nafasi. Jioni ndogo nne, watu wale wale kwa sehemu kubwa, zina faida kuliko sherehe moja ya kukodi mapambo.

Kimya Kingi, yote uliyosema naafiki. Hilo la maegesho waandaaji wanaume hatuambiwi mara nyingi.

Dada Mkubwa

Mpangaviti marahaba, mkubwa ni mimi. Asanteni wote. Sina Haraka, wewe utakuja kupanga viti.

Swali moja. Waliojiandikisha mpaka sasa wanawake ni karibu mara mbili ya wanaume. Kamati inataka niwafungie wanawake kujiandikisha. Roho inanisuta.

Mpangaviti

Usiwafungie. Kwanza, kwa meza za wanne idadi si lazima ilingane, ndiyo sababu nyingine ya kutopenda kengele. Meza ya wanawake watatu na mwanamume mmoja inakwenda vizuri ikiwa ina kazi ya kufanya. Epuka kitu kimoja tu: mwanamke mmoja na wanaume watatu kwenye mzunguko wa kwanza. Nimeiona, hageuki kulia bila kuulizwa swali.

Pili, mwambie kila mwanamke aliyejiandikisha: njoo na rafiki yako wa kiume asiye na mke, mtu mwema, ambaye wewe mwenyewe humtaki. Watacheka, lakini karibu kila mmoja anaye. Huyo atakuja akiwa ameshadhaminiwa, kwa hiyo umemaliza na lile la Kimya Kingi la waume za watu. Sharti wasiketi meza moja.

Kimya Kingi

Na wakiketi meza tofauti, mwachie kila mtu uhuru wa kuondoka wakati anaotaka bila kuagwa kwa kipaza sauti.

Sina Haraka

Viti nitapanga. Ila swali kwa Mpangaviti: na wale wanaokaa jioni nzima kimya, hata fumbo hawaligusi?

Mpangaviti

Waombe wabaki kukusaidia kufunga. Usiseme mbele ya watu, wanong'oneze wawili watatu. Ukumbi ukishapungua, taa zote zimewaka, muziki umezimwa, kila mtu amebeba kiti mkononi, ndimi zinafunguka. Nimeshuhudia mabubu wa jioni nzima wamesimama kati ya viti vilivyopangwa nusu, wanabishana ni nani aliyeficha kile kipande cha farasi. Mimi huwa naenda kuhesabu vitu vingine mbali.

Dada Mkubwa

Kikao cha kamati ni kesho. Naenda na meza kumi za watu wanne, jioni nne badala ya moja, kipaza sauti hakuna, na Kimya Kingi, ile kazi ya mlangoni nimeshampata dada mmoja ambaye hata mimi namwogopa. Mweka hazina atauliza mafumbo kumi ya picha ni ya nini. Nitamsomea uzi huu.